Kambi ya mazoezi ya kikomando Shangani, Mtwara: pumzi ipo, uofisa bado

Kambi inaendeshwa ufukweni kwa wiki 12. Jumatatu hadi Ijumaa ni saa 10:30 alfajiri hadi saa 12:30, na Jumamosi ni mwendo mrefu. Ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Buti, begi na maji ya kunywa unajitegemea. Wengi wanaojiandikisha ni vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaosubiri JKT au tangazo la jeshi. Wenye kambi wanajinadi kwamba wanafuata mafunzo ya maofisa wapya wa Royal Marines, makomando wa majini wa Uingereza, yanayotolewa Lympstone, Devon. Basi na wapimwe kwa kipimo hicho hicho walichokitaja wenyewe.

Muda wameunakili sawasawa. Lympstone, mwendo wa haraka wa maili 9, yaani kilomita 14.5, unatakiwa umalizike kwa dakika 90 ukiwa na mzigo na silaha. Kwenye majaribio mengine ofisa anabanwa kuliko kuruta: vikwazo vya kamba na ukuta, vinavyoitwa Tarzan, kuruta dakika 13, ofisa 12; njia ya ustahimilivu ya maili 6, kuruta dakika 73, ofisa 71; maili 30 za nyika ya Dartmoor, kuruta saa 8, ofisa saa 7. Shangani wanatumia muda wa maofisa na hawamwonei mtu haya. Dakika 90 ni kama dakika 6 na sekunde 12 kwa kilomita. Kutembea tu hufiki, na ukikimbia yote unaishia njiani: tambarare na mteremko unakimbia, kilima unatembea kwa hatua ndefu. Hili wanalifundisha vizuri kuliko kitu kingine chochote. Mkufunzi anakimbia nyuma akisikiliza wimbo wa mchakamchaka. Sauti za mkiani zikianza kukatika, anapaza sauti walio mbele wapunguze.

Tatizo linaanzia kwenye begi. Kila mtu anabeba mchanga wa kilo 10 ndani ya kiroba, na njia inapita majini. Mchanga mkavu wa kilo 10 ni kama lita 6 tu, lakini ukilowa, maji yanajaa katikati ya chembe na kiroba kinakaribia kilo 12. Mbaya zaidi, unateremka chini ya begi na kuvuta mabega nyuma, mikanda inachubua, na mtu anakimbia ameinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Dawa ni rahisi: chupa za maji za lita moja na nusu. Sita ni kilo 9, na blanketi linazikaza zikae juu, karibu na mgongo. Tena mtu akizidiwa, mzigo unamwagwa, na maji yapo ya kummwagia. Kambi ina mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia korosho, lakini hutolewa siku ya kwanza tu. Begi lipimwe kabla ya mwendo na baada yake.

Kamba ni ya katani, nene, imefungwa kwenye minazi miwili juu ya maji. Zoezi ni lile la Lympstone: unatambaa juu ya kamba, unajiachia uning'inie kwa mikono, kisha unajirudisha juu. Wengi hushindwa kwa kuvuta kwa mikono peke yake. Inatakiwa kisigino kimoja kinase kamba kwanza, mguu wa pili upigwe chini kwa nguvu kama bembea, na kifua kifuate. Mkufunzi wa zamu anaijua mbinu hii na anaionyesha polepole, kipande kwa kipande. Kamba yenyewe ndiyo ya kutilia shaka: katani ikikaa na chumvi na unyevu huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Ifunguliwe nyuzi kila wiki itazamwe moyo wake; ukikuta unga na rangi nyeusi, ikafungie mbuzi.

Pipa ni kichekesho cha hatari. Njia ya ustahimilivu ya Waingereza ina shimo fupi lililozama kabisa, na siri yake ni watu watatu: mmoja anasukuma, mmoja anapita, mmoja anavuta. Shangani wamechomelea mapipa mawili ya lita 200 wakayazamisha, wazo zuri, lakini mara nyingi upande wa kutokea hakuna mtu. Juu ya hapo wanafunzi wanaambiwa wavute pumzi za harakaharaka kabla ya kuingia. Hilo ndilo kosa lenyewe: pumzi hizo hazikuongezei hewa ya maana, zinaondoa ile hamu ya kupumua inayokuonya, na mtu anazimia chini ya maji kimya kimya. Pumzi moja ya kawaida inatosha. Kuogelea nako hupangwa kila Jumanne bila kuangalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, alfajiri hiyo ndipo maji yanaanza kutoka na kuvuta nje. Wavuvi wa hapo hapo wangewaambia bure.

Joto wamelikwepa kwa kuanza usiku, isipokuwa Jumamosi. Anayepepesuka na kujibu ovyo hupewa maji ya kunywa na kukalishwa kivulini. Haitoshi, hata kama bado anatoka jasho. Avuliwe begi na shati, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, ndipo atafutiwe usafiri.

Sasa uofisa. Lympstone, baada ya zaidi ya mwaka wa mafunzo, luteni kijana anakabidhiwa watu 30 hivi, kwa hiyo anapimwa akili ikiwa imechoka: anasoma ramani, anatoa amri, anabadilisha mpango mvua ikimpiga. Hapa wiki zote 12 anayeongoza ni mkufunzi. Hakuna ramani, hakuna dira, hakuna anayepewa wenzake watano na dakika kumi za kupanga jinsi ya kuvusha mzigo bila kulowa. Kitu pekee kinachokaribia ni kokoto 10 za kurusha kwenye ndoo mara baada ya mbio, sita ziingie, badala ya risasi 10 za mwisho wa njia ya ustahimilivu. Hilo limebuniwa kwa akili.

Cheti cha mwisho kina muhuri mkubwa lakini hakimwingizi mtu jeshini. Nafasi hutangazwa na jeshi lenyewe, hazilipiwi, na uofisa unasomewa kwenye chuo cha jeshi cha Monduli. Mwezi wa kwanza una thamani ya hela yake kwa ajili ya mwendo na kamba. Wa pili na wa tatu, ulipe baada ya kuona mtu amesimama upande wa pili wa pipa.