Uzoefu wangu wa kununua hip hop mpya ya Brighton: faili, santuri na ya kukagua kabla ya kulipa

Hip hop ya Uingereza ikitajwa, wengi wetu tunafikiria grime na drill za London. Brighton, mji wa pwani ya kusini ulio mwendo wa kama saa moja kwa treni kutoka London, una sauti yake tofauti: biti za boom bap (mtindo wa kizamani wa hip hop wenye ngoma nzito), vipande vilivyokatwa kwenye santuri kuukuu za jazi na soul, skrachi za DJ kwenye kiitikio, na mistari mingi kuliko kuimba. Lebo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni High Focus, aliyoianzisha rapa Fliptrix mwaka 2010. Wasanii wake si wote wenyeji wa mji huo. Verb T na Jam Baxter ni wa London, Dirty Dike ametokea Cambridge. Ila wanarekodi pamoja, wanatengenezeana biti na kualikana kwenye albamu, kwa hiyo ukinunua kazi ya mmoja utawasikia watatu au wanne.

Mimi matoleo yao nanunua kwa njia mbili, faili na santuri, na tathmini yangu naitoa mapema. Faili ndiyo thamani bora ya pesa yako. Santuri inafaa pale tu ambapo albamu imegawanywa vizuri kwenye pande zake, na jambo hilo unaweza kulijua kabla ya kutoa senti. Kaseti ni kumbukumbu nzuri ya kuweka rafuni. Kwa sauti sipendekezi. CD zinapotolewa ni nafuu, ni imara, na watu wanazidharau bila sababu.

Kwanza muziki wenyewe, maana fomati haiokoi albamu mbovu. Kwa msikilizaji anayeanza, na hasa ambaye Kiingereza cha mitaani cha Uingereza hakijamkaa sikioni, naweka Verb T mbele ya wote. Anachana kwa utulivu, maneno yanatoka kamili, na habari anazozisema ni za maisha ya kawaida. Kutoka hapo nenda kwa The Four Owls, kundi la Fliptrix, Verb T, BVA na Leaf Dog. Leaf Dog ndiye prodyuza, na ngoma zake ni nzito kiasi kwamba spika ndogo za simu zinapoteza nusu ya kazi. Kundi hili ndilo lililopata biti ya DJ Premier wa New York kwenye Think Twice, wimbo ulio katika albamu yao ya 2015, Natural Order. Usikilize uone jinsi skrachi zilivyoshika nafasi ya kiitikio: hakuna anayeimba, sauti zilizokatwa ndizo zinazojibizana. Ukiuelewa wimbo huo, umeelewa mandhari nzima ya mtindo huu.

Jam Baxter ni wa hatua ya tatu. Mistari yake imejaa picha za ajabu zilizorundikana, na usikilizaji mmoja hautoshi. Kama maneno hayakuandikwa chini ya wimbo kwenye ukurasa wa albamu, yatafute kabla hujaamua kwamba humpendi.

Ocean Wisdom ni habari nyingine kabisa. Amekulia Brighton, na wimbo wake Walkin' ulipimwa kwa wastani wa maneno 4.45 kwa sekunde, juu ya 4.28 ya Eminem kwenye Rap God. Albamu yake ya kwanza, Chaos 93' ya mwaka 2016, ilitengenezwa biti na Dirty Dike. Naitaja kwa sababu kasi hiyo ina matokeo kwenye santuri, nami nitaieleza chini.

Ununuzi nafanyia Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao wenyewe. Matoleo mapya hutoka Ijumaa, kama ilivyo duniani kote tangu Julai 2015, lakini oda ya mapema hufunguliwa wiki kadhaa kabla. Ukiweka oda ya mapema unapata papo hapo wimbo mmoja au miwili iliyokwisha kutangulia, na albamu iliyobaki inafunguka siku yake. Kwa faili hakuna haja ya kuharakisha, kwani haziishi. Kwa santuri haraka ina maana, kwa sababu lebo ndogo hupiga nakala chache na mara nyingi hazirudii, na rangi maalumu huisha kabla ya nyeusi. Ushauri wangu ni kuchukua nyeusi. Zile zilizonyunyiziwa rangi nyingi zinavutia machoni, ila mchanganyiko wa plastiki za aina mbili huongeza uwezekano wa kelele za chini, na kwenye biti zenye nafasi tupu kati ya ngoma kelele hizo zinasikika.

Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili na asilimia 10 ya bidhaa za kushikika kama santuri. Kuna siku zinazoitwa Bandcamp Friday, zilizoanza tarehe 20 Machi 2020, ambapo fungu hilo linasamehewa na msanii anabaki na karibu yote, ukiondoa gharama za kupitisha malipo. Si kila Ijumaa, na si kila mwezi, tarehe hutangazwa. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo Uingereza huanza saa 2 asubuhi na kuishia muda huohuo Jumamosi. Afrika Mashariki huanza saa 4 asubuhi majira ya joto ya Marekani, saa 5 majira yake ya baridi. Anayelipa usiku wa manane wa kuamkia Ijumaa kwa saa za Nairobi au Dar es Salaam amewahi mno, na fungu linakatwa kama kawaida.

Ukishalipa, pakua kwa kivinjari. Programu ya simu inakuwezesha kusikiliza na kuhifadhi ndani yake, lakini faili yenyewe inayohamishika utaipata kwenye kivinjari tu, ikiwa ndani ya zip. Chaguo ni MP3, FLAC, WAV, AAC na nyinginezo. Kwa albamu ya dakika 45 hesabu ni hivi: MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ni kama megabaiti 108, WAV ya ubora wa CD hukaribia 480, na FLAC, iliyobanwa bila kupoteza ubora, huangukia katikati, mara nyingi kati ya 250 na 330. Mimi nachukua FLAC mara moja tu na kuihifadhi kwenye diski ya nje, kisha natengeneza MP3 mwenyewe kwa ajili ya simu. Mwenye bando dogo achukue MP3 V0, ambayo kiwango chake hupanda na kushuka kufuata muziki. Tofauti yake na 320 kwa muziki huu siisikii hata kwenye hedifoni nzuri, na inaokoa megabaiti kadhaa. WAV iepuke hata kama una nafasi, kwani programu nyingi hazisomi majina ya nyimbo na picha ya kava ndani yake, ukabaki na orodha isiyo na mpangilio.

Santuri unayoinunua Bandcamp kwa kawaida huja na faili zake bure. Soma maelezo kabla ya kulipia vyote viwili.

Sasa santuri yenyewe. Kabla ya kulipa, chukua kalamu ujumlishe dakika za nyimbo za kila upande. Santuri ya inchi 12 inayozunguka 33⅓ kwa dakika inapumua vizuri upande ukiwa na dakika 18 hadi 20. Ikipita 22, fundi wa kuchonga analazimika kuisogeza mifuo (mistari ambamo sindano hupita) karibukaribu, hivyo anapunguza sauti au besi. Muziki wa namna hii unasimama juu ya ngoma na besi. Ukivikata hivyo viwili, umenunua kava. Albamu ya dakika 50 kwenye sahani moja naiacha na kuchukua faili. Dakika hizohizo zikiwa kwenye sahani mbili, naona bei yake inastahili.

Jambo la pili ni wimbo wa mwisho wa kila upande. Sindano ikiwa ukingoni mwa sahani, mfuo hupita chini yake kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Ikifika karibu na lebo ya katikati, mwendo umeshuka hadi kama sentimita 21. Habari ileile ya sauti imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na wa kwanza kuharibika ni sauti kali za "s", "sh" na "ch". Rapa anayetema maneno manne kwa sekunde anazitoa bila kupumzika, ndiyo maana mchanaji wa kasi akiwekwa mwisho wa upande husikika kama anachana huku anafoka mate. Wenye kupanga albamu vizuri huweka pale wimbo wa polepole au biti tupu. Angalia orodha ya nyimbo, utaona nani amefikiria hilo.

Ikitokea mate hayo yanasikika, usikimbilie kulaumu kiwanda. Pima kwanza mashine yako. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ina uzito wake wa kulemea santuri: Audio-Technica VM95E inataka gramu 2.0, na 2M Red ya Ortofon inataka 1.8. Wengi huweka chini ya hapo wakidhani wanaihifadhi santuri, kumbe sindano nyepesi hurukaruka ndani ya mfuo na kuuchimba. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayoonyesha sehemu za mia za gramu, weka uzito, kisha panga pembe ya katriji kwa karatasi ya kupimia uliyoichapisha kwa ukubwa wake kamili, bila kupunguzwa na printa. Safisha sindano kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Kama bado inakwaruza, sindano ya ncha ya duaradufu au nyembamba zaidi inasaidia kuliko ile ya mviringo.

Kuna kasoro ambazo ni za kiwanda kweli, na nimekutana nazo kwenye santuri mpya za lebo mbalimbali. Tundu lisilo katikati: tazama mkono wa mashine, ukiyumba kushoto na kulia kila mzunguko, noti ndefu za piano zitapanda na kushuka. Plastiki isiyojaa mfuo: sauti ya kuchanika sehemu ileile kila mzunguko, ambayo kuosha hakuiondoi. Sahani iliyopinda kama bakuli: huenda ikacheza sawa, ila kingo zikiinuka ghafla sindano huruka. Cheza pande zote ndani ya siku chache baada ya kupokea, rekodi video fupi ya kasoro, na andika wimbo na dakika inapotokea. Ujumbe wa "santuri yangu ina kelele" hujibiwa polepole. Ujumbe wenye "upande B, wimbo wa 3, 1:20" hujibiwa upesi.

Walio Uingereza wajue sheria mbili. Bidhaa ya mtandaoni unaweza kuirudisha kwa kubadili nia ndani ya siku 14, lakini santuri iliyofungwa ikishafunguliwa karatasi yake haki hiyo inaondoka. Kasoro ni suala jingine: kwa sheria ya mwaka 2015 una siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha, hata kama umeifungua.

Usafirishaji ndiko pesa nyingi hupotelea. Sahani mbili pamoja na boksi zinakaribia kilo moja. Andika kwenye sehemu ya maoni ya oda ukiomba sahani zitolewe kwenye kava na kuwekwa nyuma yake zikiwa ndani ya mifuko yake; zikibaki ndani, mtikisiko wa safari huzifanya zikate kingo za kava. Walio nchi za Umoja wa Ulaya wanalipa kodi ya ongezeko la thamani kwa kifurushi chochote kutoka Uingereza, kwani msamaha wa vifurushi vya hadi euro 22 ulifutwa Julai 2021. Angalia kama kodi imejumlishwa wakati wa kulipa, la sivyo mleta barua atakudai pamoja na ada yake. Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Kwa aliye Afrika Mashariki, nauli ya sahani moja inaweza kuipita bei ya sahani yenyewe. Kusanyeni oda watu watatu au wanne, au mwombe ndugu aliye Uingereza ainunue na kuileta mkononi. Anayepita Brighton kwa miguu aingie Resident, duka lililoko Kensington Gardens katika eneo la North Laine. Hapo utaitazama santuri kabla ya kuilipia.

Bado nina neno kwa wachanaji na maprodyuza wenzangu. Albamu nyingi za mtindo huu hufuatiwa na toleo la biti tupu, wakati mwingine miezi baadaye na kwa ukurasa wake wenyewe, kwa hiyo mfuate prodyuza na si rapa peke yake. Ni darasa zuri: kiki iko wapi, snea imechelewa kiasi gani, sampuli imekatwa ikaanzia noti ipi. Kufanyia mazoezi ya mistari ya Kiswahili nyumbani hakuna ubaya. Kutoa wimbo juu yake ni jambo jingine, kwani malipo yako yamenunua haki ya kusikiliza tu. Andika kwa lebo au prodyuza kabla ya kurekodi, taja biti, mahali utakapoitoa na kama utaiuza, na uliza wazi kama vipande vya santuri za zamani vilivyomo vina kibali. Jibu likiwa hapana, prodyuza wengi wana biti nyingine za kuuza ambazo ni zao kabisa.