Mtego wa kantangaze: upelelezi mzuri, kuua usiutegemee

Nalima nyanya Ilula, Iringa, na kila anayeukuta shambani kwangu mtego huu wa kantangaze, yule nondo anayeharibu nyanya, huuliza: unaua? Unaua, lakini madume tu. Kiraba kinachoning'inia juu ya beseni kina harufu ya kantangaze jike. Dume anaifuata, anazunguka weee, anaishia kwenye maji ya sabuni. Jike aliyekwisha kupandwa hana habari na beseni lako. Anaendelea kutaga kwenye majani, na mmoja anaweza kufikisha mayai 260.

Kwa hiyo mimi naununua kwa upelelezi. Asubuhi nachungulia majini: nondo wa kijivu, wembamba, hata sentimita moja hawafiki, vipapasio virefu vimelala mgongoni. Wakiwa wachache, naendelea na palizi. Wakianza kutanda, nageuza majani kutafuta mayai na yale mabaka meupe, kwa sababu kiwavi akishazama ndani ya jani, au akatoboa nyanya karibu na kikonyo, utapiga bomba zima na dawa isimguse. Akishiba, mara nyingi anashuka udongoni kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo. Kwenye joto la nyuzi 27, kutoka yai hadi nondo ni kama siku 24. Kwenye nyuzi 14 inapita siku 70. Ndiyo maana Julai beseni langu linapoa, Oktoba linachafuka.

Tangu mdudu huyu aripotiwe nchini 2014 nimeuziwa dawa za kila rangi. Mtego umenipunguzia kupuliza kwa hofu, na hilo peke yake limerudisha hela yangu.

Kasoro zipo. Maelekezo ni Kiingereza kitupu, na hayasemi kwamba mtego uwekwe chini, usawa wa miche. Nondo hawa huruka chini. Ukiutundika juu kama taa utavuna vumbi. Jua la mchana linakausha maji, usipoongeza mtego umelala. Halafu duka moja la pembejeo liliniuzia kiraba kilichokuwa kimeanikwa dirishani juani, hakikunasa kitu, na muuzaji akaniambia eti shamba langu ni safi! Jirani alikuwa anang'oa miche. Dai kilichofungwa, kilichokaa penye ubaridi.

Nyota nne. Ya tano nawawekea wakianza kuuza kiraba peke yake, maana kinachoka baada ya wiki chache na mabeseni ninayo ya kutosha.