Uzoefu wangu: Kupiga picha galaksi ya M83 nikiwa uani, Uyole

Juni hii nimeitumia darubini janja kwa usiku tisa hapa Uyole, Mbeya. Ni ile ndogo inayoongozwa na simu: lenzi milimita 50, uzito kilo 2.5. Pamoja na usafirishaji na ushuru imenigharimu karibu milioni mbili.

Nililenga M83, galaksi (kundi kubwa mno la nyota) iliyo mbali sana, kwa sababu ya mahali tulipo. Kule Ulaya galaksi hii huonekana chini sana, kwenye vumbi na ukungu. Huku kwetu, saa mbili na nusu usiku, inakaribia utosini. Hata Lacaille, mwanaastronomia Mfaransa aliyeigundua mwaka 1752, alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini.

Usiku wa kwanza niliisimika bustanini, kwenye udongo laini. Ikazama kidogo kidogo, nyota zote zikatoka kama vistari. Nikaihamishia kwenye sakafu ya karo la kufulia, na tangu hapo imetulia. Usiku wa nne umeme ulikatika mtaa mzima, nikashangilia peke yangu gizani!

Inapiga picha za sekunde 10 na kuzirundika moja juu ya nyingine. Mwanzoni niliona doa tu, kama pumzi kwenye kioo. Baada ya dakika ishirini mikono miwili ikaanza kujipinda kutoka katikati. Baada ya muda wa saa moja na nusu, kwenye mikono kukawa na vitone vya waridi: mawingu ya haidrojeni, nyota zinamozaliwa. Mama alitoka kajitanda kitenge, akauliza ninaangalia nini. Nikampa simu aone, nikamwambia, "Mama, mwanga huu umesafiri miaka milioni 15." Akanyamaza, kisha akaiomba simu tena.

Kasoro zipo. Galaksi inachukua kama robo tu ya upana wa picha, na ukiikuza inapasuka. Kitu kikiwa karibu na utosi, picha huzunguka kadiri darubini inavyokifuata, hivyo kona zinaharibika na lazima uzikate. Umande wa huku ni mzito. Kipasha joto cha lenzi kinasaidia ila kinakula betri. Maelekezo yote ni ya Kiingereza.

Hata hivyo, kwa anayeanza na ana ua wenye giza, ningemwambia anunue. Mimi Oktoba naigeuzia NGC 253, galaksi nyingine ambayo angani ni ndefu zaidi ya mara mbili ya M83, kabla mvua hazijafunga anga.