Polio: chanjo ya matone au ya sindano?
Chanjo ya sindano ya Jonas Salk, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1955, hutumia virusi vilivyouawa, ilhali ile ya matone ya Albert Sabin, iliyofuata miaka michache baadaye, hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Zote humkinga mtoto asipooze, lakini matone hujenga pia kinga imara utumboni, na hilo si jambo dogo kwenye mialo ya Mwanza na Ukerewe ambako wengi huchota maji ya kunywa ziwani, kwa kuwa virusi hivi husambaa zaidi kwa kinyesi.

Tena matone hayahitaji fundi wa kudunga: mhudumu anayeshuka mtumbwini na kasha lake la barafu hutazama kimraba kwenye lebo ya kichupa, ambacho hukolea rangi chanjo ikiharibiwa na joto, na kikiwa bado na rangi nyepesi kuliko duara linalokizunguka, humdondoshea mtoto matone mawili mdomoni.

Dosari ya matone ni kwamba, kwa nadra sana, virusi vyake hubadilika na kupoozesha, hasa penye watoto wengi wasiochanjwa. Sindano haina hatari hiyo. Tanzania hutoa zote mbili, na kwenye visiwa vya ziwani kama Ukerewe, kwa maoni yangu, sindano peke yake isingetosha.