Uzoefu wangu: nimelipia apu ya muziki saluni, lakini flashi bado ipo kwenye sabufa

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama unasikiliza muziki mwenyewe na hedifoni zako na bando sio tatizo, lipia, hutajuta. Kama una saluni, genge, kibanda cha chipsi, bajaji, sehemu yoyote yenye spika na watu, usitoe hela kabla hujamaliza kusoma.

Mi nina saluni ya kiume hapa Morogoro, viti vitatu, vijana wawili wa kunyoa na sabufa moja ambayo imeshatengenezwa mpaka fundi analijua jina la mtoto wangu. Muziki kwa kinyozi sio mapambo, ni sehemu ya huduma, mteja akikuta kimya anahisi yuko zahanati. Kwahiyo nazungumza kama mtu ambaye muziki unapigwa kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, sio kama mtu anayesikiliza nyimbo mbili akienda kazini.

Mfumo wa zamani kila mtu anaujua, unaenda kwa jamaa wa laiburari, yule mwenye kompyuta na muvi zilizotafsiriwa, unampa flashi na buku mbili unamwambia nijazie, afu unamtajia aina tu: singeli, bongofleva za sasa, taarabu kidogo, zilipendwa, na gospo za Jumapili asubuhi. Wimbo wa dakika nne kwenye MP3 ya kawaida unakula kama MB 4 hivi, kwahiyo flashi ya GB 16 inabeba kati ya nyimbo elfu tatu na nusu na elfu nne. Kwa buku mbili! Hamna apu duniani inayoshindana na hiyo bei. Umeme ukikatika unachomoa unachomeka kwenye redio ya betri, jirani akitaka kukopi anakopi, bodaboda wa kijiweni anaenda nayo anairudisha kesho. Kero zake nazo zipo, siwezi kuficha, wimbo unaanza vizuri mara sauti ya dada inataja tovuti iliyoupakia, katikati DJ anapiga kelele jina lake kila baada ya beti, majina ya faili ni "track 07" na "new new final", na wimbo mmoja unaukuta mara sita. Na virusi vile vya shotikati, ukichomeka kwenye laptopu mafolda yote yanageuka shotikati.

Sasa kwanini nikaamua kulipia. Sababu kubwa kiukweli sio dhamira, ni sauti. Nyimbo za laiburari nyingi zimechukuliwa video mtandaoni zikageuzwa MP3, afu zikageuzwa tena, besi imekuwa kama mtu anagonga ndoo. Sababu ya pili ni mteja wangu mmoja, dogo ana studio yake ya singeli, anakaa kwenye kiti anasikia wimbo wake mwenyewe unapigwa na hajapata hata mia, afu anacheka tu. Nikasema hebu nijaribu kuwa mtu mstaarabu, chini ya elfu kumi kwa mwezi sio hela ya kunifilisi. Jina la apu silitaji, sijaja kuharibia mtu biashara, na hizi apu karibu zote zinafanana tabia.

Mazuri kwanza. Sauti ni safi, hapo hamna ubishi, siku ya kwanza wateja wenyewe waliuliza kama nimenunua sabufa mpya. Kutafuta wimbo ni sekunde, mtu anataja nusu ya mstari unaupata. Nyimbo mpya zinaingia usiku wa kuamkia Ijumaa, sisubiri jamaa wa laiburari azitafute. Na matangazo hamna ukilipia, maana toleo la bure nalo nililijaribu, unamnyoa mtu ndevu kwa wembe katikati ya wimbo mtamu linapasuka tangazo la kubeti kwa sauti mara mbili ya muziki, kijana wangu alishtuka mpaka nikaogopa shingo ya mteja.

Haya, bando. Hapa ndo wengi wanaumia bila kujua, hesabu ni nyepesi. Apu nyingi zina ngazi za ubora, 96 kwa sekunde, 160, na 320, hizo ni kilobiti. Ukiweka 96 unakula kama MB 43 kwa saa, 160 ni MB 72, 320 ni MB 144. Mi saluni inaimba masaa kumi na tatu, kwahiyo hata kwa 160 ni karibu GB moja kila siku ya Mungu. Bando linakuwa ghali kuliko apu yenyewe. Ndo maana wanakuambia pakua usikilize oflaini, nikapakua zote kwa waifai ya jirani yangu wa steshenari, nikadhani mambo yameisha.

Kumbe oflaini ya kwenye apu sio oflaini ya kwenye flashi. Zile nyimbo zimefungwa kufuli, zinafunguka ndani ya apu hiyo hiyo, ndani ya simu hiyo hiyo. Huwezi kuzitoa ukaweka kwenye flashi. Sabufa yangu ina tundu la flashi na bulutuu, basi, kwahiyo ili saluni iimbe lazima simu yangu ikae pale kama mateka. Nikipigiwa simu muziki unakata. Ujumbe wa wasapu ukiingia unalia kwenye sabufa, mlio wa ujumbe watu wanne wanageuka kuniangalia. Nikitoka kwenda benki muziki naondoka nao mfukoni! Vijana wanapiga simu, bosi tumebaki kimya huku. Mwisho nikatafuta simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka nikaifanya ya muziki tu, hiyo nayo apu ikawa inasema akaunti inatumika kwenye kifaa kingine pindi nikijisahau nikasikiliza kwangu nyumbani.

Afu kuna hii, lazima simu iingie mtandaoni mara moja moja ili wahakikishe bado unalipa. Spotify kwa mfano, ambao huku kwetu na Kenya waliingia mwaka 2021, wenyewe wanasema wazi angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua vinajifuta. Hiyo sio ulaghai, wameiandika. Lakini mtu aliyezoea kanda, CD, flashi, ukimwambia "nimenunua muziki" anaelewa kitu kimoja, kumbe umekodi. Kuna siku nyimbo kadhaa kwenye listi yangu majina yalififia tu, ukibonyeza hazipigi, hamna maelezo. Makampuni yakigombana huko juu mikataba ikavunjika wewe wa Morogoro unalala bila wimbo, si tuliona mwaka 2024 Universal, kampuni kubwa ya muziki, na TikTok walivyoshindwana, video zikabaki zimenyamazishwa kuanzia Februari mpaka walipoelewana Mei. Mtu mwenye faili lake kwenye flashi ugomvi ule haukumhusu hata chembe.

Na hili la kufuli linaniudhi kwa sababu sio la leo. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD halali zenye programu inayojificha ndani ya kompyuta ya mnunuzi ili asikopi, ikaja kugundulika kwamba inaacha mwanya wa virusi kuingia, wakaishia kushtakiwa na kuziondoa CD hizo sokoni. Fikiria vizuri nani aliumia pale: aliyetoa hela dukani. Aliyekopi kwa rafiki alikuwa anasikiliza raha mustarehe. Apple nao waliuza nyimbo zenye kufuli miaka kadhaa, 2009 wakaliondoa kwenye nyimbo walizokuwa wanauza, na biashara yao haikufa. Yaani inawezekana, wimbo unaununua, unapewa faili, unakwenda zako. Sema sasa hivi hela ipo kwenye kukodisha ndo maana kila kona ni "jiunge kwa mwezi".

Kichekesho kikubwa kilikuja pale nilipoamua kusoma masharti, kitu ambacho sidhani kama kuna binadamu mwingine amekifanya mtaa huu. Imeandikwa kwamba akaunti ni kwa matumizi binafsi, sio ya biashara. Saluni ni biashara. Kwahiyo mimi niliyelipa kila mwezi, mbele ya masharti niko upande mmoja na jirani anayepiga za laiburari. Ili niwe sawa natakiwa niwe na leseni ya kupiga muziki hadharani, ambayo ni habari tofauti kabisa na hela ya apu. Sheria yetu ni ya mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, miaka mingi ndo waliokuwa wanazunguka kwenye mabaa, mahoteli na saluni kuhusu hili, ila siku hizi kazi ya kukusanya imesogezwa kwa vyama vya wenye haki wenyewe. Kenya ni hivyo hivyo, ndugu yangu ana duka Nairobi anasema majina ya MCSK, PRISK na KAMP, vyama vya kukusanya hela za muziki, anayajua kuliko majina ya mashemeji zake. Sikatai kulipa, ila ukimuuliza kinyozi yeyote hapa mtaani tofauti ya hela ya apu na hela ya leseni atakuambia hizo ni ngonjera, na aliyetakiwa kumwelezea hajawahi kufika na maelezo, hufika na risiti.

Serikali nayo imejaribu mengi, hapo nawapa haki yao. Mnakumbuka 2013 TRA walivyoleta stempu kwenye CD na DVD, kila kava lazima iwe na kistika? Wazo halikuwa baya, shida lilikuja wakati watu wanahamia kwenye flashi na memori kadi, unabandika wapi stika kwenye faili. Mwaka 2023 ikaja tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vya kupigia na kunakilia kazi za sanaa. Yaani unaponunua kifaa unakuwa umeshachangia wasanii kabla hujapiga hata wimbo mmoja, na hili watu wengi hawalijui.

Sasa yule dogo wa singeli. Nilidhani atafurahi nikimwambia nimehamia kwenye apu, nikamwonyesha na wimbo wake pale, umesikilizwa mara mia sita na kitu. Akaniambia bro hizo hela hazifiki, na kweli Spotify tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 kwa mwaka hauhesabiwi kwenye mgao kabisa. Yeye anachofanya, nyimbo zake mpya anazipeleka mwenyewe kwa watu wa laiburari, bure, anawaomba wawawekee wateja hata wasioomba, kwa sababu bila hivyo hapigwi kwenye bajaji, asipopigwa kwenye bajaji haitwi kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mtaani, na vigodoro ndo vinamlipa kodi ya chumba. Huyo ndo mwenye haki mwenyewe ananiletea MP3 kwa wasapu. Simsemei msanii mkubwa mwenye mameneja, najua wao hesabu zao nyingine, namsemea huyu ninayemnyoa.

Kuhusu zilipendwa apu imeniangusha, na hapa Morogoro huwezi kucheza na zilipendwa, huu ni mji wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Kuna mzee wangu mmoja kila akija lazima nimpigie za bendi zake, Morogoro Jazz na Super Volcano. Kwenye apu unakuta chache, majina yamekosewa, albamu zimechanganywa na bendi nyingine kabisa, na aliyezipakia hajulikani ni nani. Mbaraka alifariki 1979, sheria yetu inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo, kwahiyo mpaka mwisho wa 2029 tungo zake bado zina wenyewe. Hela ninayolipa nikiupiga wimbo wake inaenda kwa nani pale? Yule mzee yeye ana jibu lake, anakuja na flashi yake kutoka nyumbani, alizirekodi kutoka kwenye redio kwa kanda enzi hizo, mjukuu akazihamisha. Zina mikwaruzo na sauti ya mtangazaji, ananiambia kijana wangu weka hii, hiyo ya simu imepauka.

Kwahiyo nimebaki wapi. Akaunti nimeiacha kwa ajili yangu nyumbani na mama watoto, hapo naipa nne kwa tano, moja nimeikata kwa ajili ya nyimbo kufifia bila maelezo. Kwa saluni naipa mbili. Wakileta mpango wa wafanyabiashara wadogo, leseni ya kupiga hadharani ikiwa humo humo ndani, nalipa kwa simu elfu kumi na tano nikiwa natabasamu, na wakinipa faili niweke kwenye flashi hata elfu ishirini. Mpaka hapo ukiamua kuitumia kwenye biashara ndogo weka ubora 96, sabufa zetu hizi hazitaona tofauti, zima "cheza zinazofanana" maana inaendelea kula bando listi ikiisha, na simu ya muziki itoe laini kabisa.

Kingine nilichoanza ni kununua kwa wasanii wenyewe. Dogo wa singeli nilimpa elfu tano akanijazia kazi zake zote, sauti safi kutoka studio, hamna dada wa tovuti wala DJ anayepiga kelele, na akaniandikia kwa mkono kwamba ameniruhusu kupiga saluni. Karatasi nimeibandika pembeni ya kioo. Msanii mwingine wa Moro anayetaka, alete MP3 zake, hela anapewa taslimu kabla hajakaa kwenye kiti, kunyoa atalipia mwenyewe.