Rangi ya mpira ya kubandua: inafaa, mradi usiibanie

Plasti Dip ilijulikana kwanza kama mpira wa kuchovyea mipini ya koleo na bisibisi. Siku hizi watu wanaipulizia gari zima, na wakiichoka wanaibandua na kukuta rangi ya kiwandani iko vilevile. Kazi hiyo inaiweza kweli. Wengi wanaolalamika kwamba mpira umegoma kutoka, au unatoka vipandevipande, waliubania. Mpira mwembamba hauvutiki, unakatika tu, na hapo utaukwangua kwa kucha paneli nzima.

Gari dogo la milango minne litengee galoni 4 hivi za kupuliza kwa mashine. Rimu nne zinataka makopo manne ya spreya. Gari zima kwa makopo hatulishauri: yatapita 20, kidole kitachoka, na boneti itabaki na milia inayoonekana jua likiipiga.

Osha gari, toa lami na nta yote, kisha futa kwa spiriti ya isopropili. Silikoni ikibaki, mpira unaikimbia na kuacha vitundu vya mviringo. Halafu kuna maji yaliyojificha nyuma ya nembo, kwenye vitasa na vioo vya pembeni. Yatoe kwa hewa ya kompresa mapema, maana hayakawii kuchuruzika ukiwa katikati ya mkono (tabaka moja la kupuliza) wa tatu.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba rangi ya zamani bado inaonekana kama nusu. Unaweka mshiko tu. Ukitaka kufunika palepale, utapata michirizi, na mpira huu haupigwi msasa ukarekebishika. Subiri dakika 15 hadi 30, kisha piga mikono mingine mitano au sita iliyolowa vizuri, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Kopo likae sentimita 15 hivi kutoka kwenye bodi. Ukilipeleka mbali, matone yanakauka hewani na uso unakwaruza mkono. Nyeupe juu ya gari jeusi inahitaji mikono zaidi.

Pa kuangalia kwa makini ni kingo: ukingo wa mlango, mzunguko wa matao ya magurudumu, chini ya bampa. Fundi hupita katikati ya paneli mara sita na kwenye ukingo mara mbili, na huko ndiko mpira unakoanza kunyanyuka. Tepu ya karatasi ivute mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi. Ukishakauka, tepu inaondoka na kipande cha mpira. Plastiki nyeusi isiyo na rangi ifunike kabisa, kwa sababu mpira ukiingia kwenye vinyweleo vyake kuutoa ni shida.

Puliza kivulini, penye hewa inayopita, mbali na moto au cheche yoyote. Viyeyusho vyake vinawaka haraka na mvuke wake unalewesha. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Vaa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Siku ya unyevunyevu mwingi ahirisha, la sivyo rangi nyeusi itaota ukungu mweupe.

Udhaifu wake mkubwa ni petroli. Tone likidondoka karibu na kifuniko cha tanki, usilifute, kwani mpira umeshalainika na kitambaa kitauchubua. Acha likauke lenyewe. Mashine za kuoshea zenye brashi nazo ziepuke, na maji ya presha usiyaelekeze kwenye kingo.

Gari lililopakwa rangi upya kwa ubabaishaji, au ambalo klia yake (tabaka la juu linaloonyesha, la kulinda rangi) imeanza kubanduka, halifai kabisa. Siku ya kuvua mpira utavua na rangi yenyewe. Kwenye rangi nzima ya kiwandani, tegemea miaka mitatu hivi, na usiuache uzeeke zaidi ya hapo, kwani jua linaukausha na kuukatisha.

Ukitaka kuutoa na unaona umekuwa mwembamba, pulizia mikono miwili au mitatu mizito juu yake, rangi yoyote, uache ukauke usiku kucha. Asubuhi sugua pembe moja kwa kidole gumba mpaka inyanyuke, kisha vuta polepole kwa mikono yote miwili, ukiulaza mpira chini karibu na bodi.