Nililipia kaburi la Selous, nikaambiwa "hayo mambo ya wazungu"

Kampuni siitaji, wenyewe watajijua. Ratiba waliyonitumia WhatsApp ilisema wazi: geti la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere, ziwa Tagalala, maji moto, halafu kaburi la Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza, pale Beho Beho. Nilichukua safari hiyo kwa ajili ya kaburi tu. Viboko nimeshawaona vya kutosha.

Tulipotoka maji moto, gari likageuza. Nikamuuliza mwongozaji, kaka, kaburini vipi? Hata shingo hakugeuza. "Hayo mambo ya wazungu, mzee. Si umekuja kuona simba?" Wenzangu wakacheka.

Nilichemka. Ya wazungu kivipi? Selous ndiye aliyewaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes, yule mkoloni tajiri wa Kiingereza, kuingia Mashonaland, Zimbabwe ya leo, mwaka 1890. Kawaulize Washona kama hayo hayawahusu. Tembo aliowaua akawaandikia vitabu, jina likavuma mpaka Rais Roosevelt wa Marekani akamtaka ushauri kabla ya kuja kuwinda huku kwetu mwaka 1909. Halafu akiwa na miaka 63, umri wa mtu kufuatilia mafao, akaja kupigana na Wajerumani kwenye ardhi yetu. Risasi ilimmaliza hapo hapo Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917. Vita hiyo, ya Kwanza ya Dunia, iliua wapagazi wetu kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na makaburi yao nani anayajua? Hayo ndiyo nilitaka kuyasikia pale. Simsifii mwindaji, mniache.

Nikang'ang'ania, tukapelekwa. Injini haikuzimwa. Bamba la saruji limelala chini, kibao kina jina, kikosi na tarehe, majani makavu yamejaa juu yake, na jamaa anapiga honi! Porini!

Nilishaamua nyota moja. Ila askari wa hifadhi tuliyekuwa naye akachuchumaa, akafagia majani kwa mkono, akasema pori zima lilibeba jina la huyu, mwaka 2019 upande huu ukawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, "lakini yeye hajahama." Nikacheka mwenyewe. Kwa huyo askari, nyota tatu. Tena hata nne, maana njiani alijibu kila nilichouliza.

Lakini yeye si mtu wa kampuni. Kampuni ilinipa honi na chipsi baridi. Moja inawatosha, na mkienda nao hakikisheni neno "kaburi" limeandikwa kwenye risiti.